Waya Kwenye Mchanga

Usiku ule bibi alidhani ni mwembe ulioanguka. Upepo ulikuwa umevuma tangu magharibi, ule upepo unaotangulia mvua na mara nyingine huja peke yake, na mwembe wa nyuma ya jiko ulikuwa umeshapoteza tawi moja mwaka uliotangulia. Tulisikia kishindo, kisha mlio kama wa samaki anapotumbukizwa kwenye mafuta ya moto, kisha kimya. Taa ya sebuleni ikafifia, ikapepesa mara mbili tatu, ikazimika.

"Umekatika," bibi akasema.

"Umekatika," nikamjibu, nikawasha tochi ya simu.

Katika nchi yetu neno hilo linatosha. Hatuulizi nani kaukata wala kwa nini.

Nilikuwa Mkange kwa likizo, mwaka wa mwisho wa shahada yangu ya kwanza ya uhandisi wa umeme. Kufika huko unashuka Mandera, kwenye barabara ya Chalinze kwenda Segera, unatafuta usafiri wa Miono, kisha unaendelea upande wa bahari mpaka udongo unaanza kuchanganyika na mchanga na watu wanaitaja Saadani kama mtaa wa pili. Bibi, ambaye huniita mke mwenzake kwa utani wa bibi na mjukuu, alikuwa amewasimulia majirani masomo yangu kuliko nilivyoyaelewa mwenyewe. Kwa hiyo mlango ulipogongwa na babu jirani akasema kutoka gizani, "Msitoke, waya uko chini," niliona imefika zamu yangu kusema jambo la maana.

Nikafungua. "Shikamoo babu. Usiwe na wasiwasi, waya ukianguka kituo kinakata chenyewe."

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Basi nenda kaushike."

Sikwenda. Babu yule ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge mkoani Tanga, ambako mitambo iliendeshwa kwa umeme miaka mingi kabla vijiji havijauona, na huko alimwona mwenzake akifa kwa kudhani kwamba waya ulioanguka ni waya uliokufa. Alichukua kigoda, fimbo na tochi, akaketi kando ya njia mpaka alfajiri, akiwarudisha watu waliotaka kupita. Mbuzi wawili walikuwa wamemtangulia. Mafundi walipofika asubuhi, wakazima laini na kuunga waya, hapakuwa na mtu wa kuzika.

Jambo linaloniudhi mpaka leo ni kwamba nyumba tatu za upande wa barabarani ziliendelea kuwa na taa usiku kucha. Nilikuwa naziona kupitia dirishani. Laini ina nyaya tatu. Mmoja ulikuwa umekatika, miwili ilikuwa mizima, na taa zile ziliniambia wazi kwamba kituo hakijakata chochote. Niliziangalia kwa macho ya mtu aliyefaulu mitihani, na sikuona.

Sasa nasoma shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu ulinzi wa vituo vya kupoza umeme. Nikiulizwa kwa nini nilichagua mada hiyo natoa jibu la kitaaluma. Jibu la kweli ni sentensi yangu ya usiku ule. Kituo kinakata chenyewe: nani alikifundisha kukata? Lini? Na kwa nini hakikukata?

*

Kifaa kinachokiambia kituo kikate kinaitwa rilei. Jina lake limetoka kwenye telegrafu. Katika karne ya 19 ujumbe ulipotumwa kwa waya mrefu, mkondo wa umeme ulifika ukiwa umechoka, hauna nguvu ya kuendesha mtambo wa upande wa pili. Ufumbuzi ulikuwa sumaku ndogo ya umeme: mkondo dhaifu unaivuta, nayo inafunga njia ya mkondo mpya wenye nguvu, ujumbe unaendelea na safari. Ni kupokezana vijiti, kama wakimbiaji wanavyofanya.

Pwani yetu iliifahamu telegrafu mapema. Mwaka 1890 kebo ilipita chini ya bahari kutoka Zanzibar hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Lugha nayo ilikuwa na neno tayari. "Simu" asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Likaitwa hivyo lile la waya wa habari, kisha la kuongelea, na leo limebaki kwenye kifaa kisicho na waya kabisa. Mji wa Bagamoyo, ambao uchumi wake wote ulijengwa juu ya mabega ya wapagazi, ulianza kupokea habari kwa kitu kilichofanya kazi ile ile ya upagazi: kupokea mzigo na kuusogeza mbele.

Umeme wa kuwasha taa ulipoanza kusambazwa mijini duniani, ulinzi wake wa kwanza ulikuwa fyuzi. Fyuzi ni kipande cha waya kilichotolewa kafara: mkondo ukizidi, kinayeyuka chenyewe ili vingine vipone. Ni ulinzi mzuri na wa bei nafuu, na mpaka leo ndio ulioning'inia kwenye nguzo ya transfoma ya kijiji chochote. Lakini fyuzi ikishakufa inasubiri mtu aje kuibadilisha, na haijui kutofautisha. Inajua neno moja tu: nyingi mno.

Kadiri mitambo ilivyokua, wahandisi walihitaji kitu kinachoweza kupima, kungoja, kuamua, kisha kuamuru breka kubwa ifunguke. Wakaikumbuka rilei ya telegrafu. Transfoma ndogo ya kupimia ikafungwa kwenye laini, ikapunguza mkondo wa mamia ya ampea ukawa ampea chache, na mkondo huo mdogo ukapelekwa kwenye rilei. Kitu kidogo kinachokiamuru kikubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 kazi hiyo ilikuwa imepata umbo lililodumu kwa miaka mingi: kisahani cha alumini kinachozunguka katikati ya sumaku, ndugu wa kisahani kilichokuwa ndani ya mita za umeme za zamani, kabla ya LUKU.

*

Huku kwetu umeme wa kusambazwa ulianza mwaka 1908, Dar es Salaam, chini ya Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyoishi wao. Waingereza waliurithi. Mwaka 1931 wakaukabidhi kwa kampuni mbili za binafsi: DARESCO kwa Dar es Salaam na maeneo ya reli ya kati, na TANESCO, ambayo nguvu zake zilikuwa kaskazini mashariki, kwenye maporomoko ya mto Pangani. Wateja wake wakubwa huko walikuwa mashamba ya mkonge. Ndiyo maana mkata mkonge wa Tanga aliweza kuona mtu akiuawa na umeme wakati ndugu zake wa Mkange hawajaona hata balbu.

Baada ya uhuru kampuni hizo ziliunganishwa, mwaka 1964. Mwaka huo huo kituo cha Hale kwenye mto Pangani kilianza kuzalisha megawati 21, na laini ya kilovolti 132 ikautoa umeme huo Hale na kuuleta Chalinze na Dar es Salaam. Ili kufika, ilibidi ikate nchi ya Wazigua na ya Wakwere. Kwa miongo kadhaa watu wa bara hii ya pwani waliishi na umeme uliopita juu ya vichwa vyao ukienda mjini.

Nilipokuwa mtoto nilidhani ni dharau. Sasa najua kwamba dharau ilikuwepo, lakini ilikuwa na umbo la kihandisi. Huwezi kupanda ngazi ukachomoa waya kutoka kwenye laini ya kilovolti 132 ukaupeleka kijijini. Unahitaji kituo cha kupoza umeme: transfoma kubwa, breka, na rilei za kuvilinda. Unapolifungua tundu kwenye laini kuu ili kulisha vijiji, kila nyani atakayerukia waya na kila tawi litakaloanguka kijijini linaweza kutikisa mji. Kituo ni mlango wa kumpatia mwanakijiji umeme, na papo hapo ni ukuta wa kuulinda mji dhidi ya mwanakijiji. Gharama ya mlango ilijumlisha gharama ya ukuta, na kwa muda mrefu hesabu haikumpendelea anayeishi mbali.

Hesabu ilianza kubadilika pale Sheria ya Nishati Vijijini ilipopitishwa mwaka 2005 na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulipoanza kazi mwaka 2007. Fedha za umma zilibeba sehemu kubwa ya gharama, na mwanakijiji akaunganishwa kwa shilingi 27,000. Laini za kilovolti 33 zilirefushwa, zikafika kata ambazo wakandarasi walilazimika kwanza kuuliza njia. Ramani ya umeme ya Tanzania, iliyokuwa shina lenye matawi machache mafupi, ikaota vitawi virefu vyembamba. Bibi yangu yuko kwenye ncha ya mojawapo.

*

Katika mafunzo kwa vitendo nilipelekwa kwenye kituo kimoja ambacho bado kilikuwa na rilei za visahani upande mmoja wa chumba na za kidijitali upande wa pili. Fundi aliyenipokea alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alinionyesha zile za zamani kwanza, kama mtu anavyokutambulisha kwa wazazi kabla ya watoto.

Rilei ya kisahani ina akili moja nzuri sana: inajua kwamba hatari kubwa haingoji na hatari ndogo inaweza kungojewa. Mkondo ukizidi kidogo, kisahani kinazunguka polepole. Ukizidi sana, kinakimbia. Kwa mkunjo wa kawaida unaotumika kimataifa, mkondo ukiwa mara mbili ya kiwango kilichowekwa, rilei inasubiri sekunde 10 hivi kabla ya kukata. Ukiwa mara kumi, inasubiri sekunde 3. Muda wote huo unaweza kupunguzwa kwa kuzungusha kitufe.

Kitufe hicho ndipo siasa ilipo. Tuseme laini inatoka kituoni, inapita mji mdogo, inaendelea kijijini. Hitilafu ikitokea kijijini, hatutaki mji mzima uzimike. Kwa hiyo kifaa kilicho karibu na kijiji kinaambiwa kikate haraka, kinachofuata kingoje kama theluthi moja ya sekunde zaidi, cha kituoni kingoje zaidi ya vyote. Wahandisi wanaita upangaji huo uratibu. Kwa lugha ya kawaida ni foleni ya giza: aliye mwisho ndiye anayekatwa kwanza ili walio mbele yake wasiguswe. Ukikaa na hesabu utaona ina haki yake, maana wachache hukaa gizani badala ya wengi. Lakini ni uamuzi, na mtu fulani aliufanya akiwa na kalamu mkononi.

Fundi alinifungulia daftari la zamu. Kila mara breka ilipofunguka, aliyekuwa zamu aliandika tarehe, saa, laini, na sababu. Nilisoma kurasa nyingi kwa mwandiko wa watu mbalimbali. Upepo. Radi. Ndege. Nyani. Tawi la mkorosho. Lori limegonga nguzo. Na kwa wingi kuliko vyote: sababu haikujulikana. Rilei ya kisahani inapokata hudondosha kibendera kidogo, basi. Haisemi mkondo ulikuwa kiasi gani wala hitilafu iko kilomita ya ngapi. Mafundi walilazimika kuifuata laini kwa miguu na gari mpaka waone, au wasione.

"Haikujulikana," fundi akaniambia, "maana yake tulirudisha umeme ukakubali."

*

Ugonjwa mkubwa wa rilei ni kwamba inatii namba iliyopewa, hata kama aliyeiweka ameshahama au namba yenyewe imepitwa na wakati. Mfano unaofundishwa kila chuo ni wa jioni ya tarehe 9 Novemba 1965. Kwenye kituo cha Sir Adam Beck namba 2 nchini Kanada, karibu na maporomoko ya Niagara, rilei moja ilipima mkondo wa laini iliyokuwa nzima kabisa, ikauona umevuka kiwango, ikakata. Kiwango hicho kiliwekwa wakati mzigo wa laini zile ulikuwa mdogo. Mzigo ulikua, namba ikabaki. Laini nyingine zikabeba mzigo wa ile iliyokatwa, zikazidiwa, zikakatwa nazo, na katika dakika chache watu wapatao milioni 30 wa Ontario na kaskazini mashariki ya Marekani, pamoja na jiji la New York, walikuwa gizani. Rilei haikuwa mbovu. Ilifanya sawasawa kile ilichoambiwa.

Miaka michache baadaye, mwaka 1969, mhandisi wa Westinghouse aitwaye George Rockefeller alichapisha makala akipendekeza kompyuta ifanye kazi ya rilei zote za kituo. Wakati huo kompyuta ilikuwa ghali kuliko vitu ilivyotakiwa kuvilinda, lakini mwaka 1971 mfumo wa majaribio ulifungwa kwenye kituo kimoja huko California. Kisha Edmund Schweitzer, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu ulinzi wa kidijitali katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington mwaka 1977, alianzisha kampuni yake mwaka 1982 na kuuza rilei ya kwanza ya kidijitali mwaka 1984. Kilichowavutia wanunuzi hakikuwa kasi peke yake. Rilei ile iliweza kukadiria umbali wa hitilafu, na ilitunza kumbukumbu ya kilichotokea.

Rilei ya kidijitali haina kisahani. Inachukua mkondo wa laini, inaupima mara nyingi ndani ya kila mzunguko mmoja wa umeme, ambao kwa umeme wetu wa hezi 50 ni milisekunde 20, inaugeuza kuwa namba, na programu inaamua. Sanduku moja la ukubwa wa redio linafanya kazi ya ukuta mzima wa zile za zamani: linapima mkondo uliozidi, mkondo unaovuja kwenda ardhini, volti iliyoshuka, nyaya tatu zisizolingana. Linajikagua lenyewe na kupiga kelele likiugua, wakati kisahani kilichokwama hakikujulikana mpaka siku kilipohitajika. Na kila likikata, linaandika faili: saa mpaka milisekunde, umbo la mawimbi kabla na baada, ni waya upi, kadirio la kilomita.

Kwa mwanahistoria hilo ni jambo kubwa. Daftari la zamu liliandika kile alichokiona mtu aliyekuwa macho. Sasa laini inajiandikia tarehe zake yenyewe.

*

Kwa nini tupoteze usingizi juu ya sehemu za sekunde? Pwani hii ina jibu lake. Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, kebo ya kilovolti 132 inaingia baharini na kutokea Fumba, Unguja. Ya kwanza ililazwa mwaka 1980, uwezo wake megawati 45. Mwezi Mei 2008 kisiwa kilikosa umeme, na ilichukua karibu mwezi mmoja kuurudisha. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii watu walingoja mpaka Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, bei ya mafuta ya taa ikapanda, wenye uwezo wakanguruma na majenereta. Kebo ya pili, ya megawati 100, ilizinduliwa mwaka 2013. Kisa cha Unguja kinaonyesha bei ya kifaa kikubwa kinapoharibika: hakiuzwi dukani, kinaagizwa, kinasafirishwa, kinafungwa na mafundi wachache wa dunia hii. Rilei ipo ili kukata kwa dakika kusituletee kukosa kwa miezi.

Na bara nako mambo yanabadilika kwa kasi. Mwezi Februari 2024 mtambo wa kwanza kati ya tisa wa Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, uliingizwa kwenye gridi. Mitambo yote tisa ina jumla ya megawati 2,115, mara mia moja ya Hale, na umeme wake unafika kwanza Chalinze kwa laini ya kilovolti 400. Mkange iko ndani ya Halmashauri ya Chalinze. Ule umeme uliokuwa ukitupita sasa unatua nyumbani.

Chanzo kikubwa kikisogea, mkondo wa hitilafu kwenye vituo vilivyo karibu nacho unaongezeka, na kila namba iliyowekwa kwenye rilei kabla ya hapo inatakiwa kupigiwa hesabu upya. Hilo ndilo somo la mwaka 1965. Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ilizimika nchi nzima, na wengi walishangaa inawezekanaje wakati umeme ndiyo kwanza umeongezeka. Mimi sikushangaa. Gridi inayokua ni kama mtoto: nguo za mwaka jana hazimtoshi, na lazima mtu ampime tena.

Lakini kule kwenye ncha ya tawi hali ni tofauti. Laini ya kilomita nyingi inaupunguza mkondo kwa urefu wake wenyewe. Hitilafu ya karibu na kituo inanguruma. Ya mwisho wa laini inanong'ona, wakati mwingine kwa sauti isiyozidi mzigo wa kawaida wa jioni watu wanapopika na kuangalia taarifa ya habari.

*

Na hapa narudi kwenye mchanga.

Waya ukianguka chini, mkondo unaoingia ardhini unategemea ardhi yenyewe. Kuna majaribio yanayojulikana sana yaliyofanywa Marekani kwenye laini za volti zipatazo 12,500: waya ulidondoshwa kwa makusudi juu ya aina mbalimbali za ardhi, mkondo ukapimwa. Kwenye zege lenye nondo, ampea 75. Kwenye majani yaliyolowa, 50. Kwenye mchanga uliolowa, 15. Kwenye mchanga mkavu, sifuri.

Niliposoma jedwali hilo maktabani nilifunga kompyuta nikatoka nje. Upepo wa Mkange usiku ule ulikuja bila mvua.

Mkondo unaokaribia sifuri hauyeyushi fyuzi, hauzungushi kisahani, na hauishtui rilei yoyote, iwe ya mwaka 1930 au ya mwaka huu. Hapakuwa na mzembe. Waya ulilala pale ukiwa na volti zake zote, ukingoja mguu. Kwenye Chuo Kikuu cha Texas A&M watafiti wamelifanyia kazi tatizo hili tangu miaka ya 1970, wakitafuta alama ya cheche ndogo ndani ya mawimbi ya mkondo, na baadhi ya rilei za kisasa zina uwezo huo. Nyingine zinalinganisha mikondo ya nyaya tatu ili zigundue uliokatika. Zinasaidia, lakini mwisho wa laini, mzigo ukiwa mdogo, tofauti yenyewe inazama kwenye kelele.

Katika yale mafunzo kwa vitendo niliruhusiwa kupitia kumbukumbu za rilei inayolinda laini ndefu kama ya kwetu. Niliiuliza swali ambalo sikumwambia mtu: je, ina rekodi ya usiku wowote ambapo waya ulianguka na breka isifunguke? Fundi alicheka, akanieleza polepole. Rilei huandika inapoamka. Isipoamka hakuna faili. Usiku wa namna ile, kwake, ni usiku wa amani.

Tangu hapo nimeacha kuzisoma kumbukumbu hizo kama ukweli wote. Ni ukweli wa kile tulichokiagiza kionekane. Daftari la zamu lilikuwa na aibu ya kukiri kwamba sababu haikujulikana. Faili la kidijitali halina hata hilo; lisipoona, kwake halikutokea. Nyaraka za wakoloni kuhusu pwani hii zina tabia hiyo hiyo: zimejaa hesabu za pembe na mkonge, na kimya juu ya watu ambao hakuna aliyeona sababu ya kuwaandika.

Tasnifu yangu inapendekeza mambo ya kawaida tu. Kuweka breka yenye rilei yake katikati ya laini ndefu, ili jicho lisogee karibu na kijiji. Kuweka kipimo cha mkondo wa ardhini chini kadiri laini inavyovumilia. Kuizuia breka isijirudishe yenyewe pale penye dalili ya waya kuanguka, maana kila ikijirudisha inaupa uhai waya ulio chini. Kuzitumia mita za mwisho wa laini zitoe taarifa volti inapopotea. Na kuzihakiki namba kila gridi inapokua. Msimamizi wangu ameniuliza kwa nini nimeongeza ukurasa mzima kuhusu namba ya simu ya dharura na kuwafundisha wanakijiji kwamba taa kuzimika si uthibitisho wa waya kufa. Alisema hiyo si uhandisi wa ulinzi. Nimeuacha ukurasa huo.

Mara ya mwisho kwenda Mkange nilimkuta babu jirani kibarazani kwa bibi, wanakunywa chai. Nikamwamkia, nikakaa mkekani. Bibi akamwambia kwamba mke mwenzake sasa anasomea hilo hilo la kituo kujikata.

"Ehe," babu akasema. "Kimeshajifunza?"

"Kwenye majani yaliyolowa, ndiyo, babu. Kwenye mchanga mkavu bado."

Akatikisa kichwa, akaitazama njia mpaka kwenye ile nguzo iliyoungwa waya.

"Basi kile kigoda," akasema, "nisikitoe bado."